Jopo linakusikia mara moja tu: kujiandaa na usaili wa chuo cha jazi na pop

"Nina miaka 19, napiga gitaa mwaka wa tano huu, sijawahi kuwa na mwalimu, nimejifunza kwa kusikiliza na kuangalia video. Nimeomba chuo cha muziki kitengo cha jazi na pop na usaili uko miezi minne mbele. Wanataka nyimbo tatu za ladha tofauti, mojawapo iwe standadi ya jazi (wimbo wa zamani ambao wanajazi wote wanaujua) yenye solo ya kubuni, halafu kuna kusoma noti papo hapo, mtihani wa sikio na mahojiano mafupi. Kusoma noti niko hovyo kabisa. Rafiki yangu anasema nipige Giant Steps kwa spidi ndio watanikumbuka. Nikirekodiwa tu mikono inatetemeka, na nasikia kuna vidonge wanamuziki wanameza. Nafanya mazoezi masaa sita kwa siku, wiki hizi mbili mkono wa kushoto umeanza kuuma kwenye kifundo na kidole cha mwisho kinapata ganzi. Na sina ule uwezo wa kusikia noti nikaitaja jina. Je nina nafasi au nisubiri mwaka ujao?"

Mdogo wangu, umeuliza maswali saba ndani ya moja. Naona unaloliogopa zaidi ni kusoma noti, ila mimi lililonishtua ni lile ulilolitaja kwa kupitia tu, huo mkono. Tuanze na huo maana mengine yote yanaweza kusubiri mpaka kesho na huo hauwezi.

Ganzi ya kidole cha mwisho sio uchovu wa kawaida wa misuli. Kuna mshipa wa fahamu unapita nyuma ya kiwiko, pale pale ambapo ukijigonga unahisi kama shoti ya umeme, unashuka mpaka kwenye kifundo na ndio unaohudumia kidole kidogo na upande mmoja wa kidole cha pete. Ukikaa masaa kiwiko kimekunjwa na kifundo kimepinda kuzunguka shingo ya gitaa, mshipa huo unaweza kubanwa ukaanza kulalamika kwa ganzi. Ukiusikiliza mapema mara nyingi unatulia, ukiukaidi nguvu ya vidole inaweza kupungua, na nguvu ikishapotea hairudi kwa wiki moja. Kwa hiyo nenda kwa daktari au mtu wa fiziotherapia wiki hii, sio baada ya usaili, na ikiwezekana nenda na gitaa lenyewe akuone unavyokaa nalo, maana kwa maandishi mimi siwezi kukupima na wala hii ganzi inaweza isiwe ninachodhani. Ukianza kudondosha vitu, au ganzi ikawa inakuamsha usiku au haiondoki hata ukipumzika, basi usisubiri hata hiyo wiki. Kwa sasa piga vipande vya dakika 20 au 25 halafu weka gitaa chini kabisa, nyosha mkono, tembea. Na hayo masaa sita yaache leo leo.

Najua hapo umekunja uso. Ila hebu nikueleze kwa nini hayo masaa sita hata kwa muziki wenyewe hayakusaidii kama unavyodhani. Ukikaa na kipande kimoja ukakirudia mara arobaini, ile ya arobaini inatoka safi, unaenda kulala una furaha. Kesho asubuhi kimeyeyuka. Sababu yake ni kwamba kwenye mrudio wa arobaini ubongo haukuwa unakumbuka kitu, ulikuwa unanakili mrudio wa thelathini na tisa ambao bado uko moto. Ile kazi ngumu ya kukichimba kitu kutoka mbali kinapokuwa kimepoa hujaifanya hata mara moja. Na siku ya usaili hiyo ndio kazi pekee utakayopewa: unaingia chumba usichokijua, wamekaa watu wawili watatu, kiti sio cha urefu wako, amplifaya hujawahi kuishika, unapiga mara moja na hakuna ya pili. Nimekaa upande ule mwingine wa meza miaka kadhaa na sentensi niliyoisikia kuliko zote ni "nyumbani huwa inatoka vizuri". Na huwa naamini kabisa. Nyumbani ilitoka vizuri mara ya kumi na moja.

Sisi tunasikia ya kwanza.

Kwa hiyo maandalizi yako yote yaelekee huko, kuifanya mara yako ya kwanza iwe nzuri. Kila siku kabla ya mazoezi mengine yoyote, pasha vidole joto taratibu (mkono wako huo usiuchezee, na ninaposema ya kwanza namaanisha ya kwanza ya wimbo, sio ya misuli), tyuni, washa simu irekodi, hesabu, piga wimbo mmoja mwanzo mpaka mwisho bila kusimama hata ukiharibu. Faili moja kwa siku, usifute. Ukishapiga endelea na mambo mengine, jioni ndio usikilize. Wiki ya kwanza utajichukia, hilo naahidi. Ila baada ya mwezi unakuwa na kitu ambacho wenzako wengi hawana, unajua kabisa ukiamka vibaya unapigaje, na hicho ndicho kiwango chako halisi, kile cha saa nne usiku baada ya kurudia rudia ni cha kujifurahisha.

Muda uliobaki changanya. Dakika kumi standadi, kumi kusoma, kumi sikio, halafu rudi kwenye standadi ambayo imeshaanza kupoa. Inaudhi kweli, unahisi huendelei, lakini ule usumbufu wa kuanza upya ndio unaojenga. Masaa mawili na nusu ya namna hiyo, mkono ukiruhusu, yanatosha kabisa, na sehemu kubwa unaweza kuifanya bila hata kugusa gitaa.

Sasa huyo rafiki yako na Giant Steps. Ana nia njema. Mpiga saksofoni John Coltrane aliirekodi mwaka 1959, kodi (hizi za muziki, noti kadhaa zinazolia pamoja, sio zile za serikali) zinaruka kati ya funguo tatu zilizo mbali mbali na kwa mwendo wa mtu anayekimbizwa. Kwenye rekodi yenyewe mpiga piano ni Tommy Flanagan, mtu aliyekuwa fundi kwelikweli, na ukisikiliza solo yake unamsikia kabisa akitafuta njia. Kama Flanagan alihangaika, wewe kwa miezi minne utafanya nini? Utakariri vipande vya watu ukavibandika, na mpiga besi wa chuo akibadilisha kitu kidogo tu unapotea. Watakukumbuka, hilo ni kweli.

Watu wanafikiri jopo linahesabu ugumu kama majaji wa sarakasi. Fikiria upande wetu kidogo. Huyu mtu akiingia ataishi kwenye bendi za chuo miaka mitatu minne, na hilo halijaanza jana, Chuo Kikuu cha North Texas kilipoanzisha shahada mwaka 1947 kozi yenyewe ilikuwa ya muziki wa bendi za dansi, na mpaka leo moyo wa vyuo hivi ni kupiga pamoja. Kwa hiyo tunachojiuliza ni je nikimweka huyu na mpiga dramu na besi kesho asubuhi, watapendana? Anawasikiliza? Akikosea anarudi kwenye mstari au anaanguka na wenzake? Hayo yote yanasikika kwenye bluzi ya baa 12 (baa ni kikundi kimoja cha mapigo, kwa kawaida manne) kuliko kwenye Giant Steps.

Ningekuwa wewe standadi yangu ingekuwa ama bluzi ya jazi kwenye B-flati ama Autumn Leaves. Autumn Leaves, wimbo wa Joseph Kosma, una baa 32 na karibu wote umejengwa kwa ule mwendo wa kodi ya pili ya ufunguo kwenda ya tano kwenda ya kwanza, mara moja kwa meja, mara moja kwa maina, kwa hiyo ukiumudu huo umejifunza mwendo utakaokutana nao kwenye mamia ya nyimbo nyingine. Usidhani watasema umechagua rahisi. Tumeusikia mara nyingi sana na ndio faida yake, tunajua haraka sana unachoongeza wewe. Kuna wanaokimbilia So What ya mpiga tarumbeta Miles Davis kwa sababu ina kodi mbili tu, baa 16 za D doriani (skeli ya vitufe vyeupe vya piano kuanzia D), 8 za E-flati, 8 kurudi D, ila huo ni mtego, kodi zikiwa chache hakuna pa kujificha na ni rahisi mno kusahau uko baa ya ngapi.

Na kwa nini B-flati wakati gitaa linapenda E na A? Kwa sababu saksofoni ya tenor na tarumbeta ni vyombo vya B-flati, hiyo kwao ni kama C, na muziki huu ulikulia mikononi mwa wapuliza. Mpiga gitaa aliyejifunza mwenyewe anajulikana dakika ya kwanza, ukimwambia E-flati macho yanamtoka. Zoea F, B-flati na E-flati kuanzia sasa, hata zile nyimbo zako za pop unazozipiga kwa G zihamishe huko kwa mazoezi tu.

Taiming ndio mahali ambapo ningetaka utumie jasho lako. Weka metronomu kwenye 60 lakini hesabu wimbo kwa 120, kila mlio uusikie kama pigo la pili na la nne, sio la kwanza na la tatu. Hapo metronomu inakuwa kama hai-hati ya mpiga dramu (yale matoazi mawili ya mguu) na wewe unalazimika kulibeba pigo la kwanza kichwani mwako. Mara ya kwanza inakugeuka kila baada ya baa nne, ni kawaida. Ukizoea shusha mlio uwe mmoja tu kwa baa nzima. Mtu akiweza kupiga mzunguko mmoja wa bluzi kwa noti chache na mlio mmoja kwa baa bila kuyumba, huyo namchukua kabla hajafika kwenye solo.

Halafu kuna vile vitu ambavyo hakuna anayevifanyia mazoezi. Kuhesabu kuingia. Mtu anaweka tempo kwa "moja mbili moja mbili tatu nne" ya haraka haraka kwa sababu moyo unamwenda mbio, halafu anagundua kwenye baa ya pili kwamba amejichimbia kaburi. Kabla hujahesabu imba kimya kimya ile sehemu ngumu kuliko zote ya wimbo, mwendo utakaoweza kuiimba hiyo ndio tempo yako, halafu hesabu baa mbili kwa sauti inayosikika. Mwisho wa wimbo nao, utamaliza vipi? Ujanja wa zamani ni kurudia baa nne za mwisho mara tatu, lakini lazima uwaangalie wenzako na kutoa ishara ya kichwa mapema, ukiwa umeinamia gitaa kila mtu atamalizia kwake. Na ukiwa na bendi ya chuo nenda na nakala tatu nne za karatasi ya kodi, zilizoandikwa vizuri, wimbo ufunguo gani, mizunguko mingapi, unaishaje. Dakika ile unapowaeleza wanamuziki wasiokujua unachotaka, jopo tayari limeshaanza kuandika.

Kwenye solo yenyewe: achana na ile habari ya skeli moja kwa kila kodi. Skeli ina noti saba na zote hazina uzito sawa. Noti zinazoieleza kodi ni ya tatu na ya saba, ukihesabu kutoka mzizi, yaani noti inayoipa kodi jina. Chukua D maina saba, noti hizo ni F na C. Ikifuata G saba, ni B na F. Ikifuata C meja saba ni E na B. Umeona kinachotokea? C inashuka nusu hatua tu kuwa B, F inabaki. Halafu F inashuka nusu hatua kuwa E, B inabaki. Kodi tatu zimepita na umesogea hatua ndogo mbili. Hicho ndicho sikio linachokisikia kama hadithi, na ukipiga hizo noti tu peke yake, polepole, mtu ataweza kuimba kodi bila hata besi kuwepo. Wiki mbili piga hivyo kwenye Autumn Leaves nzima, noti moja moja tu, ndipo uanze kupamba.

Na mapambo yatoke kwa watu. Chagua solo moja ya mtu unayempenda, hata baa 16 tu, iimbe na rekodi mpaka ukiizima unaendelea mwenyewe, ndipo uitafute kwenye nyuzi. Kubuni papo hapo sio kuokota hewani, ni kama kuongea, hakuna aliyezaliwa na maneno. Mpiga gitaa Wes Montgomery alijifunza kwa rekodi za mpiga gitaa Charlie Christian, noti baada ya noti, kwa sikio, na kusoma muziki hakuwahi kujua. Lakini usije ukanirudishia hilo kama utetezi wa kutosoma noti, Wes hakuwa anaomba nafasi chuoni.

Jambo moja wapiga gitaa wanasahau karibu wote, utaombwa kuwasindikiza wengine. Jopo litasema haya, sasa mpigie besi akiwa anafanya solo. Hapo wengi wanachapa nyuzi sita zote kama wako kando ya moto wa kambi. Punguza. Hizo hizo noti mbili, ya tatu na ya saba, kwenye nyuzi za kati, mzizi mwachie mwenye besi, na nafasi nyingi za kimya. Huu ni ustadi unaofungua milango kuliko solo, na bahati nzuri ni mwepesi kwa mkono unaouma.

Nyimbo zako mbili za pop zitofautiane kweli. Ukileta jazi ya mwendo wa kati, basi leta moja ya fanki yenye rizimu kavu na nyingine ya taratibu, kama una utunzi wako na ni mzuri ulete. Kwenye pop wanaangalia vitu tofauti kidogo: soundi yako, usahihi wa mdundo juu ya bekitreki (muziki uliorekodiwa unaopiga juu yake) ambayo haitakusubiri, na je sehemu yako inamwachia mwimbaji nafasi. Pedali acha nyumbani isipokuwa ile ambayo wimbo unakufa bila yake. Vyuo vingi vinaomba video kwanza kabla hata ya kukuita, na ukiombwa rekodi kwa mkupuo mmoja, mikono na uso vionekane, usikate wala kuunganisha, masikio yaliyozoea yanasikia mkato hata kama wewe huusikii.

Haya, kusoma noti. Kwanza jua kwamba sio uzembe wako peke yako, chombo chenyewe ni kigumu kwa hili. Kwenye piano kila noti ina kitufe kimoja tu. Kwenye gitaa ile E ya uzi wa kwanza ulioachiwa wazi unaipata pia uzi wa pili freti ya 5, uzi wa tatu freti ya 9, uzi wa nne freti ya 14. Karatasi inasema noti moja, mkono unaulizwa wapi kati ya sehemu nne au zaidi. Ndio maana unaganda. Dawa yake ni kujinyima uchaguzi: miezi hii minne soma kidole cha shahada kikiwa kwenye freti ya 5 na vingine vitatu vikifuata, nyuzi zote sita, usihame. Hapo karibu kila kitu watakachokuwekea kitapatikana chini ya vidole vinne.

Pili, kinachowaangusha watu kwenye kusoma mara nyingi ni mdundo kuliko noti. Noti moja ikikosewa inapita, ukisimama kuirekebisha wimbo umekufa. Kila siku chukua mistari minne ambayo hujawahi kuiona, angalia sekunde 30 tu (ufunguo, mizani, wapi inarudia, mstari upi una vurugu), ipige makofi kwanza huku mguu unahesabu, halafu ipige kwenye gitaa mara moja, polepole, bila kusimama, macho yakiwa baa moja mbele ya mkono. Mara moja tu! Ukiipiga mara ya pili hausomi tena, unakumbuka. Dakika 15 kila siku kwa wiki kumi na sita, hautakuwa msomaji hodari, sikudanganyi, ila utatoka kwenye kuganda ukaingia kwenye kusuasua bila kusimama, na jopo linajua tofauti ya mtu ambaye hajajaribu na mtu aliye njiani.

Kuhusu sikio ondoa hofu. Ule uwezo wa kusikia noti ukaitaja ni wa wachache na hakuna chuo kinachoudai, mtihani ni wa uhusiano, noti hii na ile ziko mbali kiasi gani, kodi hii ni meja au maina, rudia nilichopiga. Wewe uliyejifunza kwa kusikiliza miaka mitano tayari uko mbele ya watu wengi waliokulia kwenye karatasi, shida yako ni kwamba unajua sauti bila kujua majina yake. Zipachike majina. Imba do re mi juu ya nyimbo unazozijua, kila ukisikia wimbo popote tafuta besi iko wapi na iimbe. Utaombwa kuimba kwa mdomo, na hakuna anayetoa alama za uzuri wa sauti, nimewahi kumpitisha kijana aliyeimba kama bawaba ya mlango lakini kila noti ilikuwa mahali pake.

Kutetemeka sasa. Mwili unapodhani kuna hatari unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inaondoka kwenye ngozi ndio maana vidole vinapoa, misuli inatetemeka, na tempo ya ndani inapanda bila wewe kujua. Hauwezi kuuzima huo mtambo, hata waliopiga miaka thelathini unawawakia, wanachofanya ni kuuzoea. Kwa hiyo uwashe kwa makusudi: panda ngazi mbio mpaka moyo ugonge, kaa, hesabu, piga. Mwalike mtu ambaye maoni yake yanakutisha, apige kelele za karatasi, akukatize katikati akwambie asante inatosha, maana jopo litakukatiza na haimaanishi umefeli, mara nyingi tumeshasikia tulichotaka. Mwezi wa mwisho fanya usaili bandia kila wiki, kila safari chumba kingine na watu wengine. Kabla ya kupiga toa pumzi ndefu kuliko uliyoivuta, mara tatu nne, inashusha mapigo kidogo.

Vidonge ulivyosikia ni dawa za moyo na presha zinazozuia adrenalini isigonge moyo. Ni kweli wapo wanamuziki wanaopewa. Lakini kwa mtu mwenye pumu zinaweza kuwa hatari kabisa na kwa mwenye presha ya chini zinaweza kumwangusha, kwa hiyo usimeze cha rafiki hata nusu. Kama hofu yako ni ya kukosa usingizi na kutapika mwambie yule yule daktari utakayemwona kwa ajili ya mkono, usione aibu. Mtetemeko wako wa kurekodiwa tu unaonekana kwangu ni wa kawaida na zile faili za kila asubuhi zitaumaliza sehemu kubwa.

Mahojiano sitayazungumza sana. Usiseme unapenda muziki wa aina zote, kila mtu anasema hivyo. Taja rekodi mbili tatu na uzijue kiukweli. Ukisema Kind of Blue, albamu ya Miles Davis ya 1959, kuna anayeweza kukuuliza nani kapiga piano, na jibu zuri ni kwamba ni Bill Evans isipokuwa Freddie Freeloader ambao ni Wynton Kelly, na unasikia tofauti yao gani. Ukikwama sema sijui, nitaisikiliza. Sijawahi kumwona mtu akiangushwa na "sijui" ya kweli.

Je usubiri mwaka? Mimi ningeomba mwaka huu, kwa sharti la mkono. Daktari akisema pumzika miezi miwili, pumzika, wapigie chuo uulize kama unaweza kuahirisha, vingi vinaruhusu kurudi tena na baadhi vina kozi ya maandalizi ambayo kwa mtu asiyewahi kuwa na mwalimu ni njia nzuri tu wala sio ya walioshindwa. Kipimo kingine: ikifika wiki sita kabla na faili zako za asubuhi bado zinaonyesha unapoteza baa katikati ya mzunguko wa solo, basi nenda kama wa kujifunza, usijibebeshe mzigo wa kufaulu. Kwenda na kukosa kunakupa picha ya chumba, na mwaka unaofuata hicho chumba sio kigeni tena.

Na tafuta mwalimu, hata mara nne tu kwa miezi yote minne. Mimi naweza kukuambia freti ya 5, ila siwezi kuona kwamba bega lako limepanda au kidole gumba kinakaba shingo ya gitaa, na nina wasiwasi mkubwa kwamba hilo la mkono limeanzia hapo. Kama huna uwezo wa mwalimu wa kudumu tafuta mpiga besi au dramu wa kupiga naye kila wiki, atakufundisha taiming bure bila kujua anakufundisha.

Mwisho kabisa, nyuzi: badilisha siku tatu kabla, usibadilishe asubuhi ya usaili, nyuzi mpya zinavutika na zitakuhama tyuni katikati ya wimbo. Na beba seti ya akiba pamoja na waya wako mwenyewe wa amplifaya, ule wa pale huwa una mguso mbovu.